Kabeji za Alhamisi

Sauti yangu inajulikana Kibirichia nzima. Nikimwita mzee wangu aje ale, hata walio ng'ambo ya bonde wanajua chakula kiko tayari. Kwa hiyo akina mama wa kanisa letu walipokuwa wakienda kumwona mtoto mchanga, mimi ndiye niliyetangulizwa langoni kupiga vigelegele, wengine wakinifuata. Wako waliojaliwa kuomba, wako waliojaliwa kuimba, mimi nilijaliwa koo. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yangu, na nilikuwa nikijivuna nayo, tusidanganyane.

Utaratibu wetu ni huu. Mzazi akitoka hospitali tunamwachia siku chache apumzike, halafu Alhamisi moja saa nane tunaenda na uji wa wimbi, njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, sabuni na nguo za mtoto. Hatuingii hivi hivi. Tunasimama langoni tunapiga vigelegele, hesabu ya mvulana au hesabu ya msichana, walio ndani wanaitikia, ndipo tunafunguliwa. Ukikosea hesabu utachekwa hadi Krismasi. Mimi sikuwahi kukosea.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa kwetu Kanja, upande wa Embu, ambako nilizaliwa. Mama yangu alikuwa ameteguka mguu na majani chai hayangojei mguu upone, nikaenda kumsaidia kuchuma. Siku niliyoondoka nyumbani picha iliingia kwenye grupu letu la kanisa: mtoto wa kike, kofia nyeupe, ngumi mbili usoni. Mama yake alikuwa msichana mdogo aliyeolewa hapa kwetu mwaka uliotangulia, na mama mkwe wake ni mwenzangu kwenye chama cha akina mama, tunaketi benchi moja. Mwenyekiti akaandika chini ya picha kwamba tutaenda Alhamisi. Kesho yake simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe. Niliizika ndani ya mchele siku mbili, haikufufuka.

Alhamisi hiyo nikadamka kutoka Kanja, nikafika nyumbani adhuhuri. Mzee wangu alikuwa shambani, kule mbali kwenye waru, viazi vyetu. Sikumfuata, kwa sababu muda ulikuwa umeniishia na uji haujipiki. Nilikoroga, nikaujaza kwenye chupa kubwa ya chai, nikavaa kitambaa cha chama, nikashika njia mbio mbio.

Pale langoni hapakuwa na mtu. Nikafurahi. Nikajiambia, hawa wazembe leo watanikuta ndani nimeshaketi. Nikaweka chupa chini, nikapanua kifua, nikapiga vigelegele vya msichana, hesabu kamili. Kimya. Nikadhani wako jikoni nyuma, hawajasikia. Nikarudia, na safari hii kwa nguvu zangu zote.

Aliyetoka ni mama mkwe. Alikuwa na malapa miguuni na hakuwa na haraka. Aliniangalia kutoka kwenye kitambaa changu hadi kwenye ile chupa.

"Dada," akasema, "unampigia nani?"

Nikadhani anatania. "Si nampigia mgeni wetu."

"Tulimzika jana."

Nasema kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto alikuwa ameanza kuhema vibaya Jumatatu, wakamkimbiza hospitali, akafa Jumanne, na Jumatano wakamzika nyuma ya nyumba kabla ya chakula cha mchana, watu wachache tu na mzee mmoja wa kanisa. Yote hayo yaliandikwa kwenye grupu. Mimi nilikuwa Kanja nachuma majani chai na simu imelala kwenye mchele.

"Ingia," akasema mama mkwe. "Majirani wanaangalia."

Ningeweza kugeuka niondoke. Mpaka leo sijui kwa nini miguu yangu iliingia. Aliniacha sebuleni akaenda kwa ng'ombe, hakutaka kukaa nami, wala simlaumu. Mvua ikaanza, ile ya Kibirichia ya mwezi wa saba ambayo si mvua wala si ukungu, na inakaa. Nikawa nimesimama katikati ya sebule ya watu na chupa ya uji mkononi, siwezi kuketi, siwezi kutoka. Ndipo nikasikia mtu akikohoa chumba cha ndani.

Msichana alikuwa ameketi kitandani amevaa sweta ya mume wake. Nikaona sweta imelowa mbele, mahali pawili, pakubwa kama visahani. Nimezaa wanne, sikuhitaji kuelezwa. Naye akaona kwamba nimeona, akajifunika kwa mikono.

"Mama," akaniambia, "haya yataacha lini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba maziwa yataendelea kuja. Watu walimwambia Mungu ametoa na Mungu ametwaa, wakamwambia bado ni mdogo atapata mwingine, na kila saa kifua kilikuwa kinajaa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mikono yangu ilitafuta kazi yenyewe, ikafungua chupa, ikamimina uji. Akanywa kikombe kizima bila kupumua, na cha pili, kwa sababu tangu mazishi hakuwa amekula. Nilikuwa namimina cha tatu nilipokumbuka kwamba uji wa wimbi tunawapikia wazazi ili maziwa yaje kwa wingi. Nikasimama na chupa imeinama. Kosa la kwanza nililifanyia langoni, na la pili nilikuwa nimelibeba mwenyewe kwenye chupa.

Nilirudi kesho yake na kabeji. Nilipomwachisha mtoto wangu wa pili, mama yangu alinifunga majani ya kabeji kifuani chini ya leso, mabichi na ya baridi, na kila yakinyauka anabadilisha. Kabeji tunazo, hapa kwetu hata mbuzi wamezichoka. Nilimfunga msichana, nikachukua zile leso na ile sweta iliyonuka maziwa yaliyochacha, nikazifua kwenye beseni nyuma ya nyumba. Maji ya kwetu asubuhi yanakata vidole. Nilifua huku nikijilaani, nikiilaani simu, nikimlaani na yule ng'ombe mwenye ndoo.

"Usimwambie mtu habari ya maziwa," akaniomba. "Hata mama."

Mama ni mama mkwe wake. Sitaki mtu amwone mbaya yule mwanamke. Kwa desturi msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na yule mtoto alikuwa amepewa jina lake. Sasa jina lake lilikuwa limezikwa nyuma ya nyumba, na kila akitoka kukamua anapita hapo. Hakuweza kuingia katika kile chumba. Alikuwa anaacha chakula kwenye stuli mlangoni, anaondoka. Mume wa msichana naye alikuwa amerudi kazini kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule mjini, pande za Kinoru, akija Jumamosi na kuondoka Jumapili. Kwa hiyo msichana alikuwa peke yake na kuta, na mimi.

Nilienda kila siku wiki hiyo. Siku ya nne nilimkuta anatetemeka, titi la kushoto limekuwa jekundu na limekaza kama ngozi ya ngoma. Nikaita bodaboda, tukapanda watatu, mimi nyuma nimemshika. Kwenye zahanati nesi alikuwa na watu wengi, akauliza bila kuinua macho, "Mtoto yuko wapi? Tuone anavyonyonya." Nikajibu mimi. Nilijibu kwa sauti ndogo sana, hata mimi sikuitambua, ikabidi nesi aniombe nirudie. Basi nikarudia. Tukapewa dawa, na kwa siku tatu nilihakikisha kila kidonge kimemezwa mbele ya macho yangu.

Wakati huo huo habari zangu zilikuwa zimefika kanisani kabla yangu. Jumapili nilipotoka nje baada ya ibada, akina mama waliokuwa wakinywa chai walinyamaza wote kwa pamoja. Mwenyekiti akanivuta kando, kwa upendo, akaniambia nipumzike kidogo na hii kazi ya kutembelea wazazi. Nilipandwa na hasira. Kwani walijua simu yangu imekufa? Nani alinibishia hodi aniambie? Hata mzee wangu nilimgombeza jioni, kwa kuwa yeye alikuwa amesikia kuhusu mazishi.

"Ungeniuliza," akasema. "Ulitoka hapa na chupa kama gari la zimamoto."

Kwa hiyo hali yangu ilikuwa hiyo. Kosa langu lilijulikana na kila mtu. Na zile leso nilizokuwa nafua hazikujulikana na yeyote, na nilikuwa nimeapa kunyamaza. Mhubiri alikuwa akituambia tutoe bila mkono wa kushoto kujua. Mimi tangu nizaliwe mkono wangu wa kushoto hujua kila kitu, na mdomo hufuata kueleza. Kunyamaza kuliniuma hapa kooni, kitu cha kushikika.

Maziwa yalikauka baada ya wiki tatu hivi. Hapo ndipo ningeacha. Nilitaka kuacha. Nilikuwa na waru za kupalilia, nilikuwa na ng'ombe, na mimi si ndugu yake. Lakini nilitaka kwanza anisamehe. Nilitaka anitamkie kwa kinywa chake kwamba yale ya langoni yameisha, nitoke mle ndani nikiwa mtu huru. Nikamwambia siku moja nikiwa nafagia, bila kumtazama.

"Mwanangu, unisamehe kwa ile siku."

Alikuwa anaangalia dirishani. Nikasimamisha ufagio.

"Hebu niletee maji ya kunywa," akasema.

Nikaleta maji. Nilichukulia hiyo kuwa ni hapana.

Basi nikafungwa hapo. Alhamisi ikawa siku yetu, kwa sababu saa nane mama mkwe anaenda chamani na nyumba inabaki na msichana peke yake. Nilikuwa napita njia ya nyuma kando ya ua, kabeji moja kwenye kiondo ili nikikutana na mtu nionekane nina safari ya mboga. Siku nyingine nilienda nikinung'unika njia nzima, nikimwambia Mungu kwamba ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi ana raha kuliko mimi, maana yeye angalau anakamuliwa na kusifiwa. Nilikuwa nafika, nasonga ugali, nakata ile kabeji tunakula. Nafua. Nachana nywele zake, ambazo alikuwa ameacha kuzishika. Mara nyingine hatukuzungumza hata maneno kumi. Kuna Alhamisi aligeukia ukuta tangu nifike mpaka nitoke, nikaketi kwenye kile kiti cha plastiki nikiutazama mgongo wake. Chumba kilikuwa na dirisha dogo, upana wa gazeti. Nilikijua hadi kila msumari.

Niliomba tena msamaha mwezi wa tisa. Aliniambia mvua inakuja, nianue nguo.

Mwezi wa kumi tulikuwa tunamenya viazi, akasema bila mimi kumwuliza, "Ulipiga mara mbili."

Nilijua anasema nini. Kisu kikasimama. "Ndiyo. Nilidhani hamjasikia."

"Tulisikia." Akamenya kiazi kizima, akakitupa kwenye sufuria. "Hakuna mwingine aliyempigia."

Sikujua kama ananishukuru au ananishtaki. Uso wake haukuniambia. Nilitaka kuuliza, nikaogopa jibu, tukaendelea kumenya mpaka sufuria ikajaa. Njiani kurudi nililia, na nilikasirika kwamba nalia, nikakipiga teke kichaka cha watu.

Desemba tulikuwa na mkutano wa kufunga mwaka. Katibu wa chama akasoma ripoti: wazazi tuliowatembelea, wagonjwa tuliowaombea, wajane tuliowapelekea unga. Kila aliyetajwa alipigiwa makofi pamoja na waliokwenda kwake. Yule msichana hakutajwa, kwa kuwa Alhamisi yake ilifutwa kwenye ratiba, na kilichofutwa hakiripotiwi. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu anatazama mikono yake. Kisha katibu akasoma mahudhurio, na jina langu likaonekana na mapengo mengi kuliko ya wote. Mtu mmoja nyuma akasema taratibu kwamba wengine huduma yao ni ya mdomo tu, na wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Nilikuwa nimeshika benchi ya mbele kwa mikono miwili. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Sentensi moja tu ingetosha, na wangenipigia makofi mpaka mabati yatikisike. Nikamfikiria msichana, mikono yake kifuani siku ile ya kwanza, nikamfikiria huyu mama aliyekaa kando yangu akisikia mbele ya watu wote yaliyotokea katika chumba ambacho hakuweza kuingia. Nikabaki nimekaa. Huo ndio wakati mgumu kuliko yote niliyopitia katika wokovu wangu, na kwa nje ulionekana kama mwanamke aliyeketi kwenye benchi.

Sikusikia amani, kama wanavyosema kwenye ushuhuda. Nilisikia nimebanwa vile vile. Ila nikitembea kwenda nyumbani niligundua kitu kidogo, nacho nitakisema kama kilivyo. Ile miaka ya kupiga vigelegele sikumbuki nyumba hata moja ndani ilikuwaje. Nakumbuka lango, na jinsi sauti yangu ilivyokuwa. Lakini chumba cha yule msichana ningekichora nimefumba macho, na ningeweza kukuambia kwa jinsi anavyovuta pumzi kama leo atakula au hatakula. Sikujua kwamba huko nako ni kanisani. Bado nilitaka kuachiliwa, hilo nisidanganye.

Alhamisi ya pili ya Januari nilikuta chumba kimefagiliwa. Msichana alikuwa amejichana mwenyewe, na nguo zake ziko ndani ya mfuko wa kaki karibu na mlango. Alikuwa ameivisha chai, akaniwekea kikombe kwenye stuli. Kabeji yangu ikawa haina kazi, nikaishika tu mapajani.

"Alhamisi ijayo usije, mama," akasema. "Baba watoto amepata chumba Kinoru. Jumamosi tunahamia huko."

Alitamka hilo neno, baba watoto, bila sauti yake kuvunjika. Ningeshukuru. Miezi sita nilikuwa nikiomba siku hii. Badala yake nikasikia hasira za kitoto zikipanda, kwamba amepanga safari nzima na mimi sikuambiwa, kwamba Alhamisi saa nane nitakuwa nafanya nini sasa.

"Sawa," nikasema. "Ni vizuri. Mjini kuna watu." Nikanywa chai yote ingali moto, ikaniunguza. Kisha nikaona kwamba akiondoka bila kusema, nitabaki langoni pale maisha yangu yote. "Lakini kabla hujaenda uniambie kitu kimoja. Nimekuomba mara mbili ukanituma maji, ukanituma nguo kwenye kamba. Leo nijibu. Umenisamehe au hujanisamehe?"

Akashangaa. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la zamani sana.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Uji ulikuwa bado unamiminwa kwenye kikombe."

"Siku ile ile." "Na miezi yote hii? Nimekuja hapa na mvua, nimefua, nimepita kwenye ua wa watu kama mwizi. Mbona hukuniambia?"

Aliinamisha kichwa, akachezea ukingo wa leso yake.

"Ungeacha kuja."

Mungu anajua, ningeacha.